Miski ya Mtoto wa Mustafa

Yasmina binti Athumani alikuwa na pua ya kuogopwa. Ukipita mbele ya meza yake ya manukato katika soko la Gitega, aliweza kukwambia umeogea sabuni gani, asubuhi umekunywa chai au uji, na kama koti uliliazima kwa mtu anayevuta, alikutajia na aina ya sigara. Wanawake walimcheka na kumpenda kwa hilo. Wanaume wenye siri zao walikata kona mapema, wakapitia kwa wauza ndizi.

Pua hiyo aliirithi kwa baba yake, Mzee Athumani wa Muyinga, mchanganyaji wa manukato, na Yasmina aliujivunia urithi huo kuliko hata uzuri wake, ambao nao haukuwa haba. Baba alichanganya, binti aliuza. Kila mwezi vichupa vilipanda gari kutoka Muyinga hadi Gitega: haludi nyeusi, halwaridi, sandali, karafuu, na zabadi kidogo, ute wa ngawa, ya kushikilia harufu. Yalikuwa manukato ya kikale, mazito, yanayoingia chumbani taratibu na kukaa hadi kesho yake.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, mwaka 2009, soko lilikuwa limejaa watu na vumbi la kiangazi. Amani ilikuwa imeanza kuaminika. Waliokimbia walikuwa wanarudi, malori kwa malori, na kila siku kulikuwa na sura mpya za kutazama. Yasmina, katika gauni lake la kitenge cha buluu na mtandio wa kijani cha limau, alikuwa akimdondoshea mteja haludi kwa kijiti cha kioo, ndipo pua yake ilipokamatwa. Tikiti maji lililopasuliwa sasa hivi. Chumvi. Maji mengi ya baridi, halafu kitu kama shuka lililotoka kupigwa pasi. Kijiti kikabaki hewani. Katika duka lote la baba yake hapakuwa na harufu kama ile.

"We bwana! We mwenye shati nyeupe! Simama apo!"

Kijana akasimama. Alikuwa mrefu, shati limenyooshwa hadi mikunjo inakata, viatu vya ngozi vimelishinda vumbi, mkononi ana mkoba mweusi.

"Nimeiba nini, dada?"

"Karibia kwanza." Akakaribia. Yasmina akavuta hewa, akakunja uso. "Iyi harufu iko ya nini? Si ua, si muti, si nyama ya porini. Umejipaka nini?"

"Habari za asubuhi, dada."

"Muzuri. Umejipaka nini?"

Meza ya pili, Vumilia muuza vitenge aliangua kicheko. Alikuwa shoga mkubwa wa Yasmina, mtoto wa wakulima wa Bugendana aliyekulia Tanzania na kurudi na wazazi wake mwaka uliopita. "Kaka, mjibu tu," alisema, "la sivyo atakufuata mpaka kwenu."

"Na anifuate," alisema kijana, akiwa hamtazami Vumilia hata kidogo. Macho hayana pazia, na ya huyu yalikuwa yameshafika mbali. "Naitwa Husni. Nimetoka Kigoma, mwezi wa tatu sasa niko hapa. Ninachouza kimo humu." Akaupiga mkoba kofi la taratibu. "Hiyo uliyoinusa haina ua hata moja. Imezaliwa maabara. Wataalamu walikuwa wanatafuta dawa ya hospitali, wakaangukia harufu ya bahari."

"Mi sijaona bahari."

"Basi leo umeinusa."

Yasmina alijizuia asicheke, akashindwa. Ili kujirudishia heshima, akautazama ule mkoba juu hadi chini. "Wazee wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mi manukato yangu imekaa apa, watu njo wanaifuata. Ya kwako inatembea na miguu."

"Inatembea kwa sababu bado haijaolewa," alijibu Husni.

Vumilia alipiga makofi. Yasmina akageuka kumtafuta mteja wake wa haludi, kumbe mteja alikuwa ameketi juu ya gunia, anasikiliza kama yuko harusini.

*

Kuanzia siku ile Husni alipata njia moja tu ya kupita sokoni, na njia hiyo ilipita mbele ya meza ya Yasmina. Kwanza alikuja na swali. Kisha alikuja na maandazi. Mwisho akaja na kimeza kidogo, akakiweka hatua tatu kutoka kwake, na wateja wakawa wananusa huku wakinusa na huko, wakisikiliza wawili hao wakibishana bure bila kiingilio.

"Ya baba yangu ikikaa kwa nguo, inakaa," alisema Yasmina. "Ya kwako inapiga kelele asubuhi, saa sita iko kimya."

"Ya baba yako mtu akiivaa ndani ya gari, abiria wanaomba madirisha."

"Vraiment! Unamutukana baba yangu?"

"Namheshimu. Namheshimu sana." Na alikuwa anasema kweli. Alishika kichupa cha sandali ya Mzee Athumani kwa vidole viwili, akakifungua, akanyamaza kwa muda. "Hii ni kazi ya mtu mwenye subira. Lakini, Yasmina, kuna maua yanayokataa kukamuliwa. Utayachemsha, utayatia kwenye mafuta, hayakupi kitu. Mtu wa maabara ndiye aliyeyafungua mdomo. Na hata zamani hizo unazozisifu, wazungu walishaanza kuchanganya vya maabara na vya shambani. Unajua miski ya kutengeneza ilipatikanaje? Jamaa alikuwa anatafuta baruti kali. Akapata miski."

"Baruti?"

"Baruti."

Yasmina akatikisa kichwa. "Mana we. Sisi uku tulitafuta amani tukapata baruti, ye alitafuta baruti akapata manukato. Mungu iko na mambo."

Jioni, baada ya swala ya magharibi, simu zikaanza.

"Umefika nyumbani?"

"Nimefika, sha. Na we?"

"Nimefika mwili tu."

"Achana na iyo Kiswahili ya redio. Useme kama mutu."

"Nimekukosa."

"Voilà. Iyo nimeelewa." Na Yasmina akajifunika uso kwa mtandio, ingawa chumbani hapakuwa na mtu wa kumwona.

Katika simu moja kama hiyo ndipo alipouliza jambo ambalo laiti angeliuliza mapema. Kwao hasa ni wapi? Husni akasema Kigoma ni kwa kukulia tu. Alizaliwa Muyinga. Baba yake aliuza manukato hukohuko kabla ya vita, naye alikuwa na miaka saba walipokimbia. "Baba hasimulii mambo ya nyuma. Jina lake Mustafa. Huenda mzee wako anamkumbuka."

Yasmina alikaa kitandani kama aliyemwagiwa maji. Mzee wake anamkumbuka! Nyumbani kwao jina hilo lilitajwa kama ugonjwa. Miaka miwili kabla ya vita, Mustafa, rafiki na mshirika wa Mzee Athumani, alileta kutoka safari mafuta ya aina mpya, akayaita miski nyeupe, akataka wayauze pamoja. Ilikuwa desturi ya wauza manukato wa Muyinga kwamba bidhaa mpya hudondoshwa kwanza nyuma ya mkono wa Athumani; Athumani hufumba macho, hungoja, kisha hutoa hukumu, na hukumu hiyo haina rufaa. Siku ile alingoja sana. Kisha akasema mbele ya wote, "Iyi ni mayi." Maji matupu. Tangu saa hiyo hakuna aliyenunua tena kwa Mustafa hata kiberiti, na vita vilipokuja vikamwondoa mtu aliyekuwa ameshaondolewa.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Husni.

"Simu inakata," alisema Yasmina. Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya. Usiku huo alijiambia kwamba kosa la baba si la mtoto, na kwamba mtu anayenyamaza akinusa sandali hawezi kuwa mwizi. Alikwishampenda, basi.

*

Mwezi wa nane binamu yake Yasmina alikuwa anaolewa Muyinga. Siku moja kabla ya safari, Husni alimpa kichupa kidogo cha kioo kisicho na karatasi yoyote.

"Nimekitengeneza mwenyewe. Kwa ajili yako, si cha kuuza. Ukifika nyumbani ukifungue, na mzee anuse. Akiridhika na kazi yangu, namtuma mshenga."

"Umeweka nini ndani?"

"Sikwambii. Pua yako itaniambia."

Njia nzima, Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga, Yasmina alikishika kichupa kile ndani ya kiganja. Alikuwa na mpango. Kazi itatangulia, jina litafuata. Baba akishaisifu chupa, atawezaje kuikataa mikono iliyoitengeneza?

Jumamosi asubuhi mama yake, Bi Kadidja, alikwenda mapema kwenye nyumba ya harusi kusaidia kupika. Yasmina akamkuta baba barazani, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, miwani imeshuka hadi ncha ya ile pua maarufu.

"Baba, iko kijana moja Gitega. Anatengeneza manukato. Anataka… anataka kutuma watu apa nyumbani."

Mzee Athumani akaivua miwani. Hakukasirika, alitabasamu. "Anatengeneza? Bon. Mudomo ya mutu inaweza kudanganya. Lete chupa."

Akadondosha tone nyuma ya mkono wake. Yasmina naye akajidondoshea, kisha akapaka jingine kwenye pindo la mtandio, kama alivyofundishwa. Wakafumba macho. Wakangoja. Kuku walipita, mtu alitwanga kitu nyumba ya jirani. Yasmina alivuta hewa mara ya pili, ya tatu, akausogeza mkono hadi ukagusa midomo. Hakuna. Hapakuwa na ua, hapakuwa na mti, hapakuwa hata na uchachu wa mafuta.

Alipofumbua macho, baba yake alikuwa akimtazama kwa huruma. "Ni mutoto wa nani?"

Hakuweza kudanganya mara ya pili. "Wa Mustafa."

Mzee Athumani hakupiga kelele. Alikifunga kichupa vizuri, akakiweka sakafuni mbali na mguu wake, akaingia ndani. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

Yasmina akaichukua simu.

"Mama wa pua!" alipokea Husni, sauti imejaa furaha. "Niambie. Amesemaje?"

"Usiniite ivo. Umenipa nini, Husni?"

"Hujaijua?"

"Hakuna ya kujua! Baba amenusa, mi nimenusa. Mafuta ya kupika iko na harufu kuliko iyi! Nilikupeleka mbele ya baba yangu, umenifanya mujinga."

"Yasmina, haiwezekani. Nusa tena."

"Mi? Pua yangu unaiambia nusa tena?" Machozi yalikuwa yameanza na hasira nayo haikuwa imekwisha, na vitu hivyo viwili vikikutana hakuna ulimi unaobaki salama. "Nilijua baba yako aliletea baba yangu mayi. Nilijua, nikanyamaza, nikasema we uko tofauti. Kumbe mutoto wa nyoka ni nyoka."

"Rudia ulilosema juu ya baba yangu."

Akarudia, lote, na hukumu ya sokoni juu yake.

"Sawa," alisema Husni polepole. "Ungenitukana mimi ningevumilia." Akakata.

*

Jumapili ilikuwa harusi. Yasmina alivaa gauni la hariri la rangi ya zambarau, wanja, bangili, na kwa mara ya kwanza tangu avunje ungo hakujipaka manukato yoyote. Hakuwa na moyo. Mtandio alijitupia uleule wa kijani, wa jana.

Hajamaliza kuketi, bibi harusi akamvuta mkono. "Yasmina, iyo umejipaka ni ya bei gani?"

"Sijajipaka kitu."

"Mubaya we! Unatuficha?"

Wakaja wengine. Shangazi mmoja mnene alimwinamia shingoni akavuta hewa hadi Yasmina akasikia upepo. Kijana wa kupakua pilau alipita mara tatu bila sinia. Yasmina aliona wote wanamdhihaki, kwamba habari za chupa ya maji zimeshasambaa, akarudi nyumbani kabla ya maulidi kuisha, akalia mpaka wanja ukafika kidevuni.

Jumatatu Bi Kadidja alifua. Baadaye kidogo akaingia chumbani na ule mtandio umelowa mikononi. "Mwanangu, nimefua iyi mara mbili na sabuni. Bado inanukia. Iko muzuri sana, mais vraiment haitoki. Uliipaka nini?"

Yasmina akainua kichwa. Mama yake hakuwa mtu wa dhihaka. "Mama, unasikia harufu? Sasa?"

"We husikii? Imejaa chumba."

Yasmina akainuka, akatafuta pamba, akaifinyanga vipande vitatu. "Mama, chukua kile kichupa barazani. Weka tone kwa moja tu. Usinionyeshe."

Bi Kadidja akafanya hivyo, asielewe. Yasmina akanusa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akachagua. Sicho. Wakarudia, sicho. Wakamwita Kasilda, jirani aliyekuwa anapita na ndoo yake ya maharage, mtu ambaye maisha yake yote hakununua manukato. Kasilda hakuhitaji hata kuinama. "Ni iyi apa," alisema, "inanukia kama kanisa siku ya ubatizo." Wakamwita na mke wa muuza mkaa. Akakinyooshea kidole kipande kilekile.

Nyani haoni kundule. Mzee Athumani alitoka ndani kusikiliza fujo, akaambiwa, akacheka kwa dharau, akaketi kujaribiwa. Alikosa mara ya kwanza. Alikosa mara ya pili. Mara ya tatu alichagua pamba ambayo Kasilda alikuwa ameitoa sikioni mwake na kuiweka pale kwa makosa.

Hakuna aliyecheka. Bi Kadidja aliweka mikono kiunoni, na maneno aliyokuwa ameyakalia tangu ujana wake yakasimama yote pamoja.

"Athumani, nilikuambia! Siku ile ulirudi na mukono wako, nikakuambia baba Yasmina, iyi kitu inanukia, muachie Mustafa biashara yake. Ukanijibu nini? Ukanijibu we mwanamuke unajua nini na miski. Nikafunga mudomo. Mutu akaaribikiwa, akakimbia nchi akiitwa mwizi, na mi niko nanyamaza!"

Mzee Athumani alitazama nyuma ya mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Miaka kumi na nane," alisema.

Ajabu, Yasmina hakuona aibu ya pua. Hiyo ingekuja baadaye, iketi, izoeleke. Kilichomjaa kifuani kilikuwa nafuu, tele, ya kutaka kukimbia nayo barabarani: Husni hakumdanganya. Kisha akakumbuka alichomwambia.

Simu ya Husni ilikuwa imezimwa. Akampigia Vumilia.

"Shoga, uko wapi wewe?" alisema Vumilia. "Husni kafunga meza. Asubuhi hii kapanda gari la Kobero kule mpakani, anakwenda Dar kuchukua mzigo. Nikamuuliza utarudi lini, akasema Gitega hana tena cha kurudia, atauza hukohuko Kigoma. Amekonda, Yasmina, kwa siku mbili tu. Mmefanyiana nini?"

"Mi njo nimefanya," alisema Yasmina. "Gari ya Kobero inapita apa saa ngapi?"

"Itakuwa hapo saa sita."

Ilikuwa saa tano na nusu. Alipofika mlangoni, baba yake alikuwa ameshavaa viatu.

"Baba, nitaenda mwenyewe."

"We kosa lako iko ya siku mbili," alisema Mzee Athumani. "Ya kwangu iko ya zamani. Tembea."

*

Gari la Kobero lilisimama pale Muyinga kama kawaida yake, abiria wakashuka kujinyoosha na kununua maparachichi. Husni alishuka wa mwisho. Shati lilikuwa lilelile jeupe, lakini halikupigwa pasi.

"Husni."

Akageuka. "Dada Yasmina," alisema. Hilo "dada" lilimchoma kuliko tusi.

"Mi nimekukosea. Sikiliza kidogo, halafu uende kama unataka. Chupa yako inanukia. Muji wote unaisikia, mama anaisikia, jirani anaisikia, ata ukiifua haitoki. Mi tu na baba njo hatuisikii. Tumejaribu na pamba tatu. Pua yetu iko kipofu kwa iyo kitu moja."

Husni alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mzaha ulikofichwa. "Niliweka miski nyeupe peke yake," alisema. "Nilifikiri, unashinda katikati ya harufu mia, nikupe moja tu, nyepesi, uipumzikie. Fundi mmoja Dar aliwahi kuniambia kuna watu hawaisikii miski fulani, wamezaliwa hivyo, na wengine ni mafundi wakubwa. Nikadhani ananitania."

"Basi umetupata."

"Ya kwangu nimesamehe, Yasmina. Nilikuwa nimesamehe hata kabla gari halijafika Karuzi. Lakini baba yangu… Juzi ndipo aliponisimulia kwa simu, kwa mara ya kwanza. Mzee yule alilia kama mtoto."

Mzee Athumani alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, kofia mkononi. Sasa akasogea. "Iko muzima, Mustafa?"

"Yu hai, mzee. Yuko Kigoma."

"Nipe simu yako."

Husni akaiwasha, akapiga, akampa, kisha akafungua sauti, kwa kuwa mzee alikuwa ameishika juu chini. Ikaita mara nne.

"Mustafa? Ni Athumani." Alisema kwa kelele, wauza maparachichi wakageuka. "Athumani wa Muyinga. Usikate. Mustafa, ile haikuwa mayi."

"Nilijua haikuwa maji," ilijibu sauti ya mbali, ya kizee.

"Mi njo sikujua. Pua yangu haiisikii, na ya binti yangu ivo ivo. Kadidja aliniambia, nikakataa. Ijumaa, baada ya swala, nitasimama sokoni, pale pale, niseme mbele ya watu. Nisamehe, ndugu yangu."

"Athumani," ilisema ile sauti, polepole. "Nilikimbia na chupa moja. Kambini kila asubuhi nilikuwa naifungua. Nanusa, naisikia. Halafu najiambia, Athumani amesema maji, na Athumani hakosei. Basi mimi ndiye akili imeniruka. Miaka yote hiyo nilidhani akili imeniruka." Pumzi ikasikika, ndefu, kisha kitu kilichoanza kama kilio kikaishia kicheko. "Kumbe niko mzima!"

"Uko muzima, Mustafa."

"Alhamdulillahi! Kumbe niko mzima!"

Mzee Athumani akaenda kukaa juu ya jiwe na ile simu, akaishika kwa mikono miwili, na wazee hao wawili wakaanza kuulizana nani yu hai na nani hayupo. Husni hakuidai simu yake kwa haraka.

Dereva akapiga honi. Husni akafuta uso kwa mkono wa shati. "Mzigo Dar unaningoja," alisema. "Nikirudi nitapitia Kigoma. Nitamleta mzee mwenyewe, awe ndiye mshenga."

"Aje kutafuta nini uku?" Yasmina alijaribu kumtania.

"Kumwomba rafiki yake binti. Kama wenye nyumba watakubali."

"Wenye nyumba hawasikii miski," alisema Mzee Athumani kutoka juu ya jiwe, bila kuondoa simu sikioni. "Maneno wanasikia. Wamekubali."

Abiria wakapiga vigelegele. Yasmina aliinamisha kichwa, akacheka, akalia kidogo, kisha akamtazama Husni kwa hofu ya kweli. "We fundi. Utaoa mutu asiyeisikia kazi yako? Kila mutu ataisikia kwa nguo zangu, isipokuwa mi."

"Nitakuwa nakueleza."

"Nieleze sasa."

Husni akainama kidogo kuelekea pindo la mtandio wa kijani, asiuguse, akafumba macho. "Ni kama nguo ya mtoto iliyokauka juani," alisema. "Haina kelele. Inakuja, inapotea, unadhani imekwisha, inarudi. Chini yake kuna ngozi ya mtu aliyelala vizuri, mlango haukufungwa kwa komeo, naye haogopi kitu."

Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumweleza Yasmina harufu. Yeye ndiye aliyewaeleza watu. Alifumba macho akasikiliza. Dereva akapiga honi ya pili, halafu ya tatu, na Yasmina akasema, "Endelea."